Kinyozi na Pamba ya Mpakani

Jani la kwanza lilikuwa limekunjamana kama karatasi ambayo mtu ameikunjakunja kwa hasira, kisha akajuta na kujaribu kuinyoosha. Kingo zake zilikuwa za njano, na katikati mishipa ilivuta nyama ya jani huku na huku kama uzi uliokazwa vibaya. Kinyozi alilichuma, akaligeuza, akalitupa. Hatua chache mbele akaona jingine. Alipoinua macho akaona mstari mzima, mche baada ya mche, wote ukiufuata mpaka wa shamba la shemeji yake.

Alisimama pale mpaka jua likaanza kumchoma shingo. Hakukuwa na upepo. Pamba ilikuwa imesimama kimya, kijani kibichi cha kutisha, imemfika kifuani.

Watu walimwita Kinyozi ingawa mashine zake za kunyolea zilikuwa zimelala kwenye boksi kwa miaka mingi. Ujana wake wote aliumaliza karibu na stendi, akinyoa vichwa vya makondakta, wachuuzi na wanafunzi waliofukuzwa shule kwa sababu ya nywele. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Baba yake alipofariki, shamba likagawanywa nusu kwa nusu, nusu yake na nusu ya dada yake wa pekee. Baba wadogo walinung'unika. Wakasema mwanamke ameolewa, ardhi ya nini? Kinyozi akasimama mbele yao wote akasema, "Mdogo wangu naye ni mtoto wa baba. Mwenye neno aniambie mimi." Watu wakamsifu sana siku ile, na sifa zile alizila kwa muda mrefu.

Lakini ardhi ina namna yake ya kumkaa mtu kooni. Mwanzoni nusu ya dada ilikuwa pori tu, na pori halimuumizi mtu roho. Kisha mume wa dada, ambaye alikuwa dereva wa malori na hata baada ya kustaafu kila mtu aliendelea kumwita Dereva, akaja akafyeka, akapanda mahindi. Msimu wa pili mahindi yakasimama kama askari wa gwaride. Wapita njia wakawa wanasimama kuyatazama. "Haya ni ya nani?" wanauliza. "Ya Dereva." Hawakuuliza pamba ni ya nani.

Alichofanya Kinyozi ni kuongeza mkono. Alikuwa akitumia ile mbolea nyeupe ya chembechembe kama sukari, kila msimu, bila kupumzika, kwa sababu msimu wa kwanza ilimfanyia maajabu. Sasa pale mpakani, mahali ambapo wapita njia walisimama, kila shimo akalipa kiganja cha ziada. Alitaka ukuta wa kijani. Alitaka macho ya watu yakitoka kwenye mahindi yajigonge kwenye pamba yake.

Na kwa misimu kadhaa yalijigonga kweli.

*

Siku ile alirudi nyumbani mapema. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na katikati ya sebule kilikaa kile kiti chake cha zamani cha kunyolea, cha chuma na ngozi iliyochanika, kinachozunguka. Alikiheshimu kuliko makochi. Alipokuwa na mawazo alikaa humo akijizungusha polepole, nusu duara kwenda, nusu duara kurudi, na mkewe alijua hali ya hewa kwa mlio wa kile kiti.

"Kuna nini, baba?"

"Shemeji yako ameniulia pamba."

Mke aliacha kukunja nguo. "Dereva? Kakuulia vipi?"

"Juzi nilimwona na bomba mgongoni, anapuliza dawa ya magugu kwenye mahindi. Leo majani yangu yote ya mpakani yamejikunja. Kwingine ni mazima. Sasa nieleze, huo ni ugonjwa gani unaojua mpaka wa shamba?"

Mkewe aliirudia nguo aliyokuwa akiikunja, maana maneno yalikuwa na mantiki. Ndiyo ilikuwa hatari yake. Dereva alikuwa amepuliza kweli, na watu walimwona. Na dawa ile, kila mkulima anajua, ikipeperuka ikaigusa pamba, pamba inaharibika vibaya.

Habari haikukaa ndani. Kufikia mwisho wa wiki ilikuwa imefika kwenye mashine ya kusaga, kwenye duka la pembejeo, na kwenye kijiwe cha bodaboda, na kila ilipopita iliongezewa chumvi. Mmoja alisema Dereva alipuliza kwa makusudi. Mwingine alisema alisikia Dereva akisema nusu ile ya Kinyozi nayo iko siku itarudi kwa mwenyewe. Nani alisikia? Hakuna aliyejua. Lakini Kinyozi aliposimuliwa hakuuliza nani. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa analingoja.

Na kila alipokwenda shambani, ule mkunjo ulikuwa umesogea. Ulikuwa umetoka mpakani na sasa unaingia ndani, mstari kwa mstari, bila haraka.

*

Bibi shamba wa eneo lile alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, anayeendesha pikipiki kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Kinyozi alimwita akitaka jambo moja tu: aje aone, aandike kwamba ni dawa ya jirani, basi.

Bibi shamba alipita mistari akiwa ameinama. Alichuma jani, akalitazama juani, akalinusa. Alikwenda mpaka katikati ya shamba, ambako pamba ilionekana nzima kabisa, akachuma huko pia.

"Huko hakuna kitu," Kinyozi alimpigia kelele. "Ugonjwa uko huku!"

"Mzee wangu, wewe ulikuwa kinyozi. Mtu akija na kipara upande mmoja, hukutazama upande wa pili?"

"Nilitazama kipara."

Bibi shamba alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Dawa ya magugu naijua. Inalivuta jani linakuwa jembamba, linachanika kama vidole. Hili lako limefinyana, halafu lina madoa ya njano. Lakini siwezi kula kiapo kwa macho. Tupime majani."

"Kupima majani? Kwani yana homa?"

"Yanasema yaliyomo tumboni mwa mmea. Udongo unakuambia kilichopo mezani. Jani linakuambia kilicholiwa."

Akamwonyesha namna ya kuchuma. Kuhesabu kutoka kileleni mwa mche kushuka, kuyaacha yale machanga ya juu, kuchukua jani lililokwisha kukomaa lakini halijazeeka, na kikonyo chake, kile kijiti kinacholishikiza kwenye tawi. Kikonyo alikitenga na jani pale pale, kila kimoja kwenye bahasha yake ya khaki, maana vinapimwa mbalimbali. Si mfuko wa plastiki, yataoza njiani. Si jani lenye vumbi au lililotafunwa na wadudu. Ya mpakani peke yake, ya katikati peke yake. Na udongo kidogo kutoka pande zote mbili.

Mkono wa Kinyozi ulikuwa bado mwepesi. Alichuma vizuri, kikonyo kwa kikonyo, bila kukichubua. Lakini alipokuwa akichuma alikuwa anatazama ng'ambo, kwenye mahindi.

"Majibu yakisema ni yeye," aliuliza, "sheria inasemaje?"

Bibi shamba alifunga bahasha. "Maabara hii haipimi dawa. Inapima chakula cha mmea. Itatuambia kama shida ni chakula au la."

"Kwa hiyo haitasema ni yeye."

"Na haitasema si yeye, kama si chakula. Ngoja majibu, mzee wangu. Usifanye lolote. Na usiongeze mbolea hata chembe, unanisikia?"

Alisema anasikia.

*

Maabara ilikuwa mbali, na majibu hayakuja wiki ile wala iliyofuata. Kiti cha sebuleni kililia kutwa. Kinyozi aliacha kwenda kijiweni. Salamu za dada yake alizijibu kwa mkato, na Dereva alipompungia mkono kutoka kwenye mahindi, yeye aliinama kana kwamba amefunguka kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa kandambili.

Kisha mkewe akasikia harufu. Ilikuwa harufu kali, ya kukwaruza koo, na ilitoka sebuleni, chini ya kiti. Alivuta lile boksi la mashine za kunyolea. Ndani yake, kati ya vitana na mashine zilizoota kutu, ilikuwepo chupa mpya ya dawa. Haikuwa ile ya kuchagua magugu kwenye mahindi. Ilikuwa ile inayoua kila chenye jani.

Aliiweka juu ya meza, akakaa akimngoja. Kinyozi alipoingia akaiona, hakuuliza imefikaje pale.

"Ya nini hii?"

"Ya magugu."

"Magugu gani yanayofichwa kwenye boksi la vitana?"

Alikifuta kiti vumbi kwa kiganja.

"Baba watoto, yule ni mdogo wako. Mahindi yale ndiyo wanayokula wajomba zake watoto wetu... hapana, wapwa zako! Unaona? Umenichanganya mpaka sijui nasema nini. Watoto wa dada yako watakula nini?"

"Na sisi tutakula nini?" Alisema polepole, bila kupandisha sauti, na mkewe baadaye alisema ule upole ndio uliomtia baridi. Angefoka, angejua la kufanya. "Mimi ndiye niliyesimama mbele ya baba wadogo nikamtetea. Mimi. Leo mume wake ananifukuza taratibu kwenye ardhi ya baba yangu, nami nikae nasubiri bahasha?"

Akachukua chupa, akatoka nayo. Mke alimfuata mpaka mlangoni. Akamwita mara moja, kisha akanyamaza, kwa sababu majirani walikuwa wanatazama.

*

Alichagua siku ya mnada, ambapo Dereva huwa hayupo. Asubuhi ilikuwa imetulia, hakuna jani linalotikisika. Alichanganya dawa mtoni, akalijaza bomba, akalivaa mgongoni, akapita katikati ya pamba yake yenyewe. Majani yaliyokunjamana yalimkwaruza mikono. Sasa yalikuwa yamefika nusu ya shamba.

Alivuka mpaka. Kile hakikuwa kitu kikubwa, mfereji mdogo tu unaoweza kurukwa na kuku. Akaingia kwenye mahindi, akashika mpini wa kupampia, akaanza kujaza upepo. Bomba lilikuwa linakoroma mgongoni mwake.

Ndipo akasikia mtu anaimba kwa kubana meno, kama mtu anayefanya kazi.

Dada yake alikuwa amechuchumaa mistari michache mbele yake, anang'oa magugu kwa mkono, khanga imefungwa kiunoni, amempa mgongo. Alikuwa karibu kiasi kwamba kama Kinyozi angefungua koki, manyunyu yangemfika begani.

Kinyozi hakurudi nyuma. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote. Alisimama. Mkono wake, ule mwepesi, ulikuwa juu ya koki, naye aliutazama kama mkono wa mtu mwingine, asijue utafanya nini.

Dada akageuka.

Walitazamana. Macho yake yalikwenda kwenye uso wa kaka yake, yakashuka kwenye mpini, yakafika kwenye ncha ya bomba inayodondosha tone moja moja juu ya majani ya mahindi.

"Unapuliza nini, kaka?"

"Dawa ya wadudu."

Dada hakusimama. Alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Pamba yako iko kule."

Kinyozi akasema, "Eeh." Akageuka, akaruka mfereji, akaenda. Nyuma yake hakusikia tena ule wimbo. Hakusikia hata magugu yakinyofolewa. Alikwenda mpaka kwenye korongo la mbali, akaimwaga ile dawa, akakaa chini.

*

Bibi shamba alifika siku chache baadaye na pikipiki yake ya mwendo wa mayai. Safari hii hakutania. Kinyozi alimpa kiti cha kunyolea kwa heshima, mkewe akasimama kwenye mlango wa chumbani.

"Majibu yamekuja," alisema. "Si jirani yako."

Kinyozi alijikalisha kwenye kochi.

"Kuna madini yanaitwa manganizi. Mmea unayataka kidogo sana. Majani yako ya mpakani yamejaa mara nyingi kupita kipimo. Ni sumu sasa. Ndiyo yanayoyakunja."

"Nani ameyaleta?"

"Hakuna. Yalikuwemo udongoni kabla babu yako hajazaliwa. Yalikuwa yamelala. Lakini udongo ukichachuka, yanaamka, yanayeyuka, na mizizi inayanywa itake isitake. Udongo wako umechachuka vibaya sana."

"Umechachushwa na nini?" aliuliza mke.

Bibi shamba alimtazama Kinyozi. "Unatumia mbolea gani, mzee wangu?"

"Ile nyeupe."

"Kila msimu?"

"Kila msimu."

"Umewahi kuweka samadi? Chokaa?"

"Chokaa ya nini? Mimi sijengi nyumba."

"Na mpakani uliweka kiasi gani?"

Kiti kililia kidogo, maana bibi shamba alikuwa amejigeuza.

"Sema, baba," alisema mkewe. Alipoona hasemi, akasema yeye. "Mara mbili. Kila shimo. Ili watu waione."

Bibi shamba alishusha pumzi. "Basi hapo ndipo ilipoanzia. Vikonyo navyo vinasema hivyo hivyo, naitrojeni imefurika. Pamba yako imeshiba mpaka imesahau kuzaa. Ndiyo maana ni ndefu vile na vitumba vya kuhesabu." Akaigeuza karatasi ya majibu. "Lakini nilichokuja kukuambia si hicho. Yale majani ya katikati, uliyosema ni mazima. Nayo yamejaa. Bado hayajakunjamana tu. Mpakani palitangulia, na kwingine kote kunafuata. Na si kwako peke yako. Nina bahasha za mashamba mengine matatu huko chini, zote zimeelekea huku huku, na wenye mashamba wananipungia mkono wakijisifu kwa ukijani."

Nje mtu alipita akiburuza mkokoteni, na walimsikiliza mpaka akapotea.

"Msimu huu umekwenda," alisema bibi shamba. "Usiongeze kitu. Ukivuna, tutaweka chokaa ya kilimo, na samadi. Ile nyeupe usiiguse tena. Msimu ujao tutapima vikonyo kabla ya maua na wakati wa maua, na hutamwaga kiganja cha mbolea mpaka jani liseme lina njaa."

"Udongo utapona?"

"Polepole. Ulichukua miaka kuugua."

*

Kinyozi hakuwa mtu mbaya, na aliujua wajibu wake. Jioni ile ile, jua likiwa bado juu, alikwenda kwa Dereva. Akamweleza yote kuhusu majani, kuhusu uvumi, kuhusu alivyomdhania. Dereva alimsikiliza akiwa amefungua mdomo, kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Shemeji! Kumbe shamba lako limelewa! Na mimi nilidhani umeninunia kwa sababu sikukuletea mahindi mabichi!" Akampiga begani, akamwita mkewe alete kiti. Kwa Dereva jambo likaishia pale.

Dada alileta kiti. Hakucheka. Kinyozi alipoaga, alimsindikiza mpaka njia panda, na huko, pasipo mtu, akauliza bila kumtazama, "Ile asubuhi, kaka. Bomba lilikuwa na nini?"

Angeweza kusema. Alifungua mdomo kabisa ili aseme. "Dawa ya wadudu, mdogo wangu. Nilipotea mstari."

Dada akatikisa kichwa taratibu. "Dawa anayopuliza mume wangu naijua harufu yake. Ya wadudu pia naijua." Akasubiri kidogo, kama anayempa nafasi. Kisha akasema, "Wasalimie nyumbani," akarudi.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa ya aibu. Mche mrefu, kitumba kimoja kimoja, vingine vimeoza ndani ya kivuli cha majani. Mashamba ya chini nayo yakaanza kukunjamana, moja baada ya jingine, kama bibi shamba alivyosema, na wale waliokuwa wakijisifu wakaacha kupunga mkono. Kinyozi alifanya yote aliyoambiwa. Alimwaga chokaa mpaka akabadilika rangi. Alijifunza kungoja. Msimu uliofuata alichuma vikonyo mwenyewe na kuvipeleka, na majibu yaliposema ngoja, alingoja, mikono ikimwasha. Taratibu majani yakaanza kunyooka, kwanza katikati, mwisho kabisa mpakani. Pamba ikawa fupi, si ya kusimamisha wapita njia, lakini ikazaa.

Siku hizi wakati wa kuchuma, dada yake huja kumsaidia kama ndugu wanavyosaidiana. Hufika mapema, hufanya kazi kuliko wote, huongea na wifi yake na kucheka naye. Jua likikaza, mke wa Kinyozi hupitisha kikombe cha maji kutoka kwenye ndoo, mtu kwa mtu. Kikimfikia dada, hukipokea kwa mikono miwili, hushukuru, na kumpa anayefuata. Yeye huja na chupa yake ya maji. Huiweka mbali na ndoo, chini ya kivuli cha khanga, mahali anapoweza kuiona.